Ruhusa au Uhuru? Uhakiki wa Msamiati wa Kanisa na Dola katika Kiswahili cha Kivu Kusini

Utangulizi

Uhusiano wa kanisa na dola katika Kongo umeandikwa zaidi na wanahistoria na wanateolojia kuliko wataalamu wa lugha. Wanahistoria wamechunguza mapatano, sheria na hukumu za mahakama. Wanateolojia wamechunguza mafundisho. Maneno ambayo waumini wenyewe waliyatumia kuyataja mambo hayo yamepewa nafasi ndogo, aghalabu katika tanbihi. Makala haya yanadhamiria kuyahakiki maneno machache ya Kiswahili kama yanavyotumika katika Kivu Kusini, hasa katika bonde la Ruzizi, ambako Luberizi ni mojawapo ya vituo katika barabara ya taifa namba 5 iendayo Uvira kutoka Bukavu kupitia Kamanyola.

Hoja ya msingi ni hii: kwa muda wa zaidi ya karne moja dola katika Kongo imezungumza juu ya uhuru wa dini huku ikitenda kana kwamba inatoa ruhusa. Kiswahili kina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo mawili. Tofauti hiyo, hata hivyo, imefifizwa na historia, na kufifia kwake kuna madhara kwa raia anayetaka kuidai haki yake kwa lugha anayoielewa.

Bonde la Ruzizi linafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mbili. Kwanza, hapo wamekutana Bafuliiru, Barundi, Bavira, Banyamulenge na wengineo, na Kiswahili ndicho lugha yao ya sokoni, ya barabarani na, kwa kiasi kikubwa, ya ibada. Pili, hapo yamekaa karibu karibu makanisa ya Kikatoliki, ya Kipentekoste na mengineyo, pamoja na Waislamu wa miji ya ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mkazi wa bonde hilo hulijua neno la dini kwa njia zaidi ya moja.

Asili ya maneno yenyewe

Inafaa ianzwe na jambo lijulikanalo lakini lisilotiliwa maanani. Maneno *dini*, *sala*, *sadaka*, *kanisa* na *Injili* yana asili au njia ya Kiarabu. Ndivyo yalivyo maneno *dola*, *uhuru* na *ruhusa*. Neno *serikali* lina asili ya Kiajemi. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walifika ukingo wa magharibi wa Tanganyika mwaka 1880 wakakikuta Kiswahili kimekwisha kufika pamoja na misafara ya biashara, wakakitumia kufundishia. Matokeo yake ni kwamba Ukristo wa Kongo ya mashariki ulihubiriwa kwa msamiati ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imepita kwanza katika vinywa vya Waislamu.

Jambo hili lina kinaya chake. Utawala wa Kibelgiji uliushuku Uislamu wa Maniema na wa pwani ya ziwa, na elimu ya Kiislamu haikupata msaada uliopewa shule za misioni. Wakati huohuo, padri aliyesimama altareni hakuweza kutaja dini, sala wala sadaka bila kutumia maneno yaliyoletwa na watu walioshukiwa. Lugha ilikuwa na ukarimu kuliko dola.

Neno *ruhusa* linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Katika fikihi ya Kiislamu, *rukhsa* ni tahafifu anayopewa mtu kwa sababu ya udhuru, kama vile msafiri aruhusiwavyo kufungua saumu. Hukumu ya asili haifutwi. Inabaki palepale, na udhuru ukiondoka, rukhsa nayo huondoka. Katika Kiswahili cha kila siku, *ruhusa* imebaki na kiini hicho: mwanafunzi huomba ruhusa, askari hupewa ruhusa, na anayetoa ndiye mwenye uwezo wa kunyima. *Uhuru* unatokana na hali ya mtu asiye mtumwa. Muungwana hakuwa akiomba kila asubuhi aendelee kuwa muungwana. Kwa hiyo maneno haya mawili yanatofautiana katika mahali yanapoiweka hali ya asili. Katika ruhusa, asili ni katazo. Katika uhuru, asili ni haki.

Mapatano na misioni

Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliahidi uhuru wa dhamiri na ustahimilivu wa dini kwa wenyeji na kwa wageni katika bonde la Kongo. Kwa maneno ya hapo juu, hiyo ilikuwa lugha ya uhuru. Miaka 21 baadaye, tarehe 26 Mei 1906, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Léopold II ilitia sahihi mapatano na Baraza Takatifu la Roma. Kila misioni ya Kikatoliki ingepewa ardhi ya hekta 100 hadi 200, nayo ingefungua shule chini ya usimamizi wa serikali. Kanisa lilipata ardhi na ulinzi. Dola ilipata walimu, na pia watetezi katika wakati ambapo ukatili wake ulikuwa ukilaumiwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1926 utaratibu wa ruzuku za shule uliimarishwa kwa faida ya misioni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Kibelgiji, ambazo karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Misioni za Kiprotestanti zilianza kupata haki ya ruzuku hizo baada ya mwaka 1946.

Katika hali hiyo, neno *misioni* lilipata maana pana kuliko kanisa. Misioni ilikuwa shule, zahanati, shamba, karakana, na mlango wa kupatia cheti. Mtu aliyefukuzwa misioni alikosa ekaristi na kazi kwa pamoja. Wahakiki wengine wameeleza hali hii kwa mfano wa mafiga matatu ya ukoloni: serikali, kanisa na kampuni. Mfano huo ni sahihi kwa jumla, lakini unaficha jambo moja. Mafiga husimama sawa, ilhali katika Kongo figa moja, yaani dola, ndilo lililoamua mengine yasimame wapi.

Ushahidi wa jambo hilo unapatikana katika mwaka mmoja. Mwaka 1921 wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira, wakaanza kazi ambayo baadaye ilienea bondeni na katika milima inayolitazama, pamoja na Lemera. Mwaka huohuo, magharibi ya nchi, Simon Kimbangu, katekista wa Kiprotestanti wa Nkamba, alianza kuhubiri na kuponya mwezi wa Aprili. Mwezi wa Septemba alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Mfalme Albert aliibadilisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, naye Kimbangu akafungwa Élisabethville, mji wa Waswahili wa Katanga, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Mgeni alipata ruhusa ya kuhubiri. Mwenyeji aliyehubiri Kristo huyohuyo bila ruhusa alipata minyororo kwa miaka 30. Kanisa lake lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959, miezi sita tu kabla ya wakoloni kuondoka.

Kitawala

Hakuna neno linaloonyesha mgongano wa dini na dola katika Kiswahili cha Kongo kuliko *Kitawala*. Vuguvugu hilo lilitokana na mafundisho ya Watch Tower yaliyopita Rhodesia ya Kaskazini na kuingia Katanga katika miaka ya 1920, ingawa Mashahidi wa Yehova wenyewe hawakulikubali kuwa lao. Lilipigwa marufuku jimbo baada ya jimbo kuanzia miaka ya 1930. Mwanzoni mwa mwaka 1944 wafuasi wake chini ya Bushiri waliasi katika sehemu za Masisi na Lubutu, na uasi huo ukazimwa kwa nguvu. Wafuasi wengi walihamishwa na kuwekwa katika kambi za mbali kama Kasaji na Ekafera.

Juu ya asili ya jina hilo pana mielekeo miwili. Wa kwanza husema kwamba *Kitawala* ni neno la Kiingereza *tower* lililotoholewa tu, na kwamba kutafuta siasa ndani yake ni kujitungia. Wa pili husema kwamba jina linatokana na kitenzi *kutawala*, na kwa hiyo lilikuwa tangazo la uasi tangu mwanzo. Mielekeo yote miwili ina upungufu.

Kwa upande wa sauti, mwelekeo wa kwanza una nguvu. Ng'ambo ya mpaka, katika lugha zenye kiambishi *chi-*, vuguvugu hilo liliitwa *Chitawala*. Sauti *r* kugeuka *l* na neno kuishia kwa irabu ni mambo ya kawaida katika lugha za Kibantu za eneo hilo. Hapo hapakuhitajika kitenzi cha Kiswahili. Lakini jina lilipovuka na kuingia katika eneo la Kiswahili, kiambishi *chi-* kikawa *ki-*, na ghafla neno likawa na mzizi unaojulikana na kila msemaji. Kama *kizungu* ni namna ya wazungu, *kitawala* kingeweza kusikika kuwa namna ya kutawala. Asili ya neno haikubadilika. Masikio ndiyo yaliyobadilika. Mwelekeo wa kwanza unaeleza neno lilikotoka, wala hauelezi lilivyosikika. Mwelekeo wa pili unaeleza lilivyosikika, kisha unalifanya hilo kuwa asili.

Tofauti hii si ya kitaaluma pekee. Muumini aliyefundishwa kwamba Mungu peke yake ndiye atakayetawala, na afisa aliyeogopa kila jambo linalogusa utawala wake, walikutana katika silabi zilezile. Yamkini afisa alisikia *kutawala* badala yangu; muumini alisikia kutawala kwa Mungu. Kosa la dola lilikuwa kudhani kwamba hakuna ufalme usioshindana na wake. Ajabu ni kwamba sala ya Baba Yetu, iliyofundishwa katika kila misioni yenye ruzuku, huomba ufalme wa Mungu uje. Neno *ufalme* liliruhusiwa kwa sababu aliyelitamka alikuwa amekwisha kupewa ruhusa.

Hapa yafaa kitajwe kitabu cha Johannes Fabian, *Language and Colonial Power*, kilichotoka mwaka 1986. Kitabu hicho kimeonyesha kwa ushahidi mwingi jinsi wakoloni, misioni na makampuni walivyokitwaa Kiswahili katika Kongo kati ya mwaka 1880 na 1938 na kukifanya chombo cha amri. Nguvu yake imo katika uchambuzi wa kamusi, orodha za maneno na vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa na Wazungu. Udhaifu wake unatokana na mahali hapohapo. Orodha ya maneno iliyotungwa na bwana haina nafasi ya kuandika mtumishi alivyolisikia neno. Fabian mwenyewe aliifuata sauti ya pili katika kazi zake juu ya Jamaa, jumuiya ya Kikatoliki iliyoanzishwa na padri Placide Tempels, na katika kulitoa mwaka 1990 andiko la Kiswahili la André Yav juu ya historia ya Élisabethville. Msomaji wa Kivu hana budi kuvisoma vitabu hivyo pamoja, maana neno moja lililotwaliwa na mtawala laweza kutwaliwa tena na mtawaliwa.

Namba na majina

Baada ya uhuru, ambao wengi waliuita *dipanda*, dola haikuacha desturi ya kutoa ruhusa. Chini ya Mobutu, sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu tu: la Kikatoliki, la Kimbangu, na Kanisa la Kristo katika Zaire. Uislamu na Uorthodoksi vilitambuliwa baadaye. Misioni na makanisa mengi ya Kiprotestanti yalilazimika kuingia chini ya mwavuli mmoja, kila moja likiwa "jumuiya" yenye namba yake katika orodha.

Namba hizo zingalimo vinywani mwa watu. Katika Kivu, kanisa lililotokana na Wasweden huitwa 8e CEPAC. Lililotokana na Wanorway, 5e CELPA. La Wabaptisti wa Kivu Kaskazini, 3e CBCA. Sheria iliyozizaa imekwisha kupitwa na wakati, lakini namba imebaki kibaoni mlangoni, katika mihuri ya barua na katika mazungumzo. Hakuna nabii wala mtume aliyezitoa. Muumini anayelitaja kanisa lake kwa namba ataja, bila kukusudia, zamu yake katika daftari la *leta*, kama watu wa Kivu waliitavyo dola kutokana na neno la Kifaransa.

Majina ya watu nayo yaliguswa. Siasa ya uhalisi ilipiga marufuku majina ya ubatizo ya Kikristo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga mwaka 1972, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 1974 shule za makanisa zilitaifishwa, na mwaka 1977 dola, iliyokuwa imeshindwa kuziendesha, ilifanya mapatano ya kuzirudisha mikononi mwa makanisa. Katika miaka hiyo palitokea kiongozi wa serikali aliyemfananisha Mobutu na masiya. Kwa hiyo dola iliyowashtaki Wakitawala kwa kuchanganya ufalme wa mbinguni na wa duniani iliishia kufanya mchanganyiko huohuo.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kulichora kanisa kuwa mhanga wakati wote. Kanisa Katoliki lilinufaika kwa ruhusa kwa miaka mingi huku wengine wakinyimwa. Lakini lilipojitenga na mamlaka, lililipa gharama. Bukavu inawakumbuka maaskofu wakuu wawili. Christophe Munzihirwa aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996 wakati wa vita. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, baada ya ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999, alizuiwa na utawala wa RCD mwezi wa Februari 2000 na kupelekwa Butembo. Alirejea Septemba na kufariki Italia mwezi uliofuata. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna kati yao aliyenyimwa ruhusa ya kusoma misa. Walichonyimwa ni haki ya kusema kweli nje ya misa. Pale ndipo ruhusa inapofikia ukingo wake na uhuru unapoanzia.

Dola "isiyokuwa na dini"

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inaitaja dola kuwa *laïc* katika ibara ya 1, na katika ibara ya 22 inahakikisha uhuru wa fikra, dhamiri na dini. Dibaji yake inataja wajibu wa Wakongomani mbele ya Mungu. Mtafsiri wa Kiswahili hukabiliwa na tatizo papo hapo. Kwa Mkatoliki wa Bukavu, *laïc* ni *mlei*, yaani mbatizwa asiye padri wala mtawa. Dola haiwezi kuitwa mlei bila kuchekesha.

Njia iliyo tayari ni ile ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, inayotumia maneno "isiyokuwa na dini". Maneno hayo yamezoeleka Tanzania kwa sababu yalifafanuliwa miaka mingi katika hotuba na mashuleni, kwamba serikali haina dini lakini wananchi wanazo. Bila ufafanuzi huo, yana hatari. Katika Kiswahili cha kawaida, kusema kwamba mtu "hana dini" ni kumlaumu: ni mtu asiye na huruma wala haya. Mkulima wa Luberizi aliyeona mengi kutoka kwa watu wenye silaha aweza kuafiki upesi kwamba dola haina dini, lakini kwa maana ambayo mtunga katiba hakuikusudia.

Istilahi "dola isiyofungamana na dini yoyote" ingefaa zaidi. Inafuata mtindo uliokwisha kukubalika wa nchi "zisizofungamana na upande wowote". Haisemi kwamba dola haina maadili. Yasema kwamba haikufungwa pamoja na upande mmoja. Tena inaikosoa historia yenyewe, kwa kuwa mapatano ya mwaka 1906 na orodha ya mwaka 1971 yalikuwa mafungamano.

Lakini kutofungamana si kutojali, na mfano mchungu uko karibu. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, huko Mutarule, jirani na Luberizi, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao wakiwa katika ibada ya wazi ya kanisa la Kipentekoste. Shambulio hilo lilitokana na uhasama wa kijamii wa bondeni, wala halikuwa vita vya dini. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwezi wa Julai 2014 kwamba jeshi la serikali na askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa na habari, lakini hawakuzuia mauaji. Kanisa hilo lilikuwa na namba yake na ruhusa yake. Hakuna sheria iliyowakataza watu wale kusali. Walikosa mlinzi. Anayehakiki maneno ya katiba lazima aulize kama ibara ya 22 ilikuwa na maana yoyote usiku ule, na jibu lake halipatikani kamusini.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, tofauti kati ya *ruhusa* na *uhuru* imo ndani ya Kiswahili chenyewe, na inatosha kueleza historia ya dini na dola katika Kongo tangu mapatano ya mwaka 1906 hadi sheria ya mwaka 2001 juu ya mashirika, ambayo bado huyataka makanisa yapate utambulisho wa kisheria kutoka kwa serikali. Pili, maneno kama *Kitawala* na namba za jumuiya ni nyaraka za historia; yanahitaji kusomwa kwa uangalifu uleule unaopewa nyaraka za kumbukumbu, kwa kutenganisha asili ya neno na usikivu wake. Tatu, tafsiri ya *laïc* haijatulia, na kwa kuwa raia hudai haki kwa jina lake, jina lisilotulia huidhoofisha haki.

Kwa wanafunzi wa isimu na fasihi wa Bukavu na Uvira kazi ni pana. Mahubiri, nyimbo za kwaya, majina ya watoto waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1990, na mihuri ya makanisa katika vijiji vya bonde la Ruzizi vyote vinangoja kukusanywa. Watakapovikusanya, wasitosheke na kuuliza neno fulani lilitoka lugha gani. Waulize pia nani alilitamka kwa hofu, na nani alilitamka bila kuomba.